Biashara ya seli za kuua saratani: Hesabu wagonjwa kabla ya kuhesabu faida

Hisa za kampuni ndogo ya California iitwayo Nkarta zilipanda bei zaidi ya maradufu kwa siku moja katika soko la NASDAQ la Marekani, Jumatatu ya Aprili 25, 2022. Kampuni hiyo haikuwa imeuza hata chupa moja ya dawa, wala haikuwa na kibali cha kuuza. Ilichofanya ni kutoa tangazo kwamba kati ya wagonjwa watano wa saratani kali ya damu waliopewa dozi ya juu ya seli zake, watatu walipimwa na ugonjwa ukawa hauonekani tena.

Wiki hiyo hiyo kampuni iliuza hisa mpya kwa dola 15 kila moja na kukusanya dola milioni 200. Ilipofika mwisho wa mwaka 2024, hisa moja ya Nkarta haikufika dola 3, na dawa iliyozua shangwe ile ilikuwa imekwishawekwa kando.

Tangazo lilikuwa la kweli, wagonjwa walikuwa wa kweli na fedha zilikuwa za kweli. Kilichowaponza wanunuzi wengi ni kusoma watu watatu kama vile ni watu mia tatu. Kwa mwekezaji mdogo anayevutiwa na hisa za kampuni za tiba mpya, biashara hii ya seli ni shule nzuri, maana ada yake imekwishalipwa na wengine.

UGONJWA NA SOKO LAKE

Ugonjwa wenyewe ni lukemia kali ya mailoidi, ambayo madaktari huiita kwa herufi AML. Huanzia kwenye uboho, ule ute ulio ndani ya mifupa ambamo damu hutengenezwa. Seli changa za damu huharibika, huongezeka ovyo bila kukomaa na kujaza nafasi yote. Mgonjwa huishiwa damu, hutokwa damu kwa urahisi na hushindwa na maradhi madogo ambayo mtu mzima angeyashinda kwa siku mbili. Bila matibabu, kifo huja baada ya wiki au miezi michache.

Nchini Marekani hugunduliwa wagonjwa wapya wapatao 20,000 kila mwaka, na wapatao 11,000 hufariki. Wengi wao ni wazee, na umri wa katikati wa wanaogunduliwa unakaribia miaka 70. Katika kila wagonjwa kumi, takriban watatu tu ndio huwa hai miaka mitano baadaye.

Tangu mwaka 1973 matibabu ya msingi yamekuwa yale yale: dawa ya saitarabini kwa siku saba pamoja na dawa ya daunorubisini kwa siku tatu. Ni matibabu makali, na wazee wengi hawayamudu. Kupandikiza uboho wa mtu mwingine kunaweza kuponya kabisa, lakini nako kunahitaji mwili wenye nguvu na mtoaji anayefaa.

Kwa lugha ya sokoni, hapo pana uhitaji mkubwa, bidhaa chache na mteja asiyeweza kusubiri. Mahali kama hapo mtaji haukosi kufika.

MLINZI ANAYEKAGUA VITAMBULISHO

Bidhaa iliyoleta matumaini ni seli za NK. Hizi ni seli nyeupe za damu ambazo kila mtu mzima anazo, na ambazo huzaliwa zikiwa na uwezo wa kuua bila kufundishwa kwanza. Zilitambuliwa mwaka 1975 na Rolf Kiessling, Eva Klein na Hans Wigzell wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, na wakati huo huo na Ronald Herberman nchini Marekani.

Jinsi zinavyofanya kazi ilielezwa katika miaka ya 1980 na Klas Kärre, naye wa Sweden. Kila seli yenye afya hubeba juu yake alama inayofanana na kitambulisho. Seli ya NK hupita ikikagua kama mlinzi wa zamu. Ikikuta kitambulisho, huiacha seli iende zake. Ikikuta seli imekificha, kama zinavyofanya seli nyingi za saratani, hutoboa ukuta wake na kuingiza kemikali za kuiua.

Swali likawa hili: kama mlinzi huyo yumo mwilini tangu mwanzo, mbona mgonjwa anaugua? Jibu ni kwamba katika AML seli za NK za mgonjwa huwa dhaifu na chache, na saratani imekwisha kujifunza kuzihadaa. Ndipo wataalamu wakafikiri kuazima walinzi kutoka kwa mtu mwingine, ambao hawakitambui kitambulisho cha mgonjwa.

Mwaka 2002 kundi la Andrea Velardi la Perugia, Italia, lilichapisha matokeo ya wagonjwa waliopandikizwa uboho wa ndugu zao. Wale wa AML ambao seli za NK za ndugu zilikuwa hazipatani na vitambulisho vyao, ugonjwa haukuwarudia, ilhali wengine wengi uliwarudia. Mwaka 2005 Jeffrey Miller na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliwapa wagonjwa seli za NK za ndugu bila kupandikiza uboho. Kati ya wagonjwa 19 wa AML waliokuwa na hali mbaya, watano ugonjwa ulitoweka. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Washington cha St. Louis kilitoa taarifa ya seli za NK zilizoamshwa kwa protini maalumu kabla ya kuingizwa mwilini. Kati ya wagonjwa tisa waliopimwa, watano walionyesha mafanikio.

Hizo ndizo nguzo za kisayansi za biashara hii. Ni nguzo za kweli. Lakini msomaji atagundua kwamba idadi ya watu haikuwa kubwa popote.

NGUO YA KUSHONESHA NA NGUO YA DUKANI

Kilichowafungua macho matajiri ni biashara ya jirani. Mwezi Agosti 2017 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliidhinisha tiba ya kwanza ya seli za T zilizobadilishwa vinasaba, ya kampuni ya Novartis, kwa aina nyingine ya lukemia. Bei yake ilikuwa dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja. Mwezi huo huo kampuni ya Gilead ilitangaza kuinunua Kite, inayotengeneza seli za aina hiyo, kwa dola bilioni 11.9.

Tiba ile ni kama suti ya kushonesha. Damu ya mgonjwa huchukuliwa, seli zake za T hupelekwa kiwandani, hubadilishwa na kukuzwa, kisha hurudishwa kwake. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, na kila suti humfaa mtu mmoja tu. Mgonjwa wa AML aliyezidiwa hana wiki za kusubiri. Tena seli za T zimeshindwa kufanya vizuri katika AML, kwa kuwa alama zilizo kwenye saratani hiyo zimo pia kwenye seli nzima zinazozaa damu. Anayepiga moja hupiga na nyingine.

Seli za NK zilionekana kuwa nguo ya dukani. Seli za T za mtu mwingine huweza kuushambulia mwili wa mgonjwa, lakini za NK kwa kawaida hazifanyi hivyo. Hivyo mtoaji mmoja, au chupa moja ya damu ya kitovu cha mtoto, au mbegu moja ya seli zilizotayarishwa maabara, inaweza kutoa dozi nyingi, zikagandishwa na kuwekwa ghalani. Mgonjwa akifika, chupa inafunguliwa. Gharama kwa kila dozi inashuka na wateja wanaongezeka. Mfanyabiashara yeyote anaelewa tofauti ya fundi wa kushona na mwenye duka la jumla.

MATAJIRI WALIVYOINGIA

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Novemba 2019 kampuni ya Takeda ya Japani ilitia saini mkataba na hospitali ya MD Anderson ya Houston kuhusu seli za NK za damu ya kitovu. Februari 2020 kundi la Katy Rezvani la hospitali hiyo lilichapisha matokeo: kati ya wagonjwa 11 wa saratani za damu za aina nyingine, si AML, wanane walipata nafuu.

Aprili 2020 Janssen, kampuni tanzu ya Johnson & Johnson, iliipa Fate Therapeutics ya San Diego dola milioni 50 taslimu na kununua hisa zake za dola milioni 50 nyingine. Julai 2020 Nkarta ikaingia sokoni kwa dola 18 kwa hisa. Novemba 2020 Sanofi ya Ufaransa ikatangaza kuinunua Kiadis ya Uholanzi kwa euro milioni 308. Mapema mwaka 2021 hisa ya Fate, iliyouzwa kwa umma mara ya kwanza mwaka 2013 kwa dola 6, ilivuka dola 100.

Habari ya Kiadis inastahili kusomwa mara mbili. Sanofi ililipa euro 5.45 kwa kila hisa, yaani asilimia 272 juu ya bei ya soko ya wakati ule. Magazeti yaliandika hiyo asilimia. Lakini hisa za Kiadis ziliuzwa kwa umma mwaka 2015 kwa euro 12.50. Aliyenunua siku za mwisho alicheka. Aliyenunua siku ya kwanza na kuvumilia miaka mitano alirudishiwa chini ya nusu ya fedha zake. Kampuni moja, siku moja, bei moja, na mmoja anasherehekea huku mwenzake akihesabu hasara.

MGENI ALIPOAGA

Januari 2023 Fate ilitangaza kwamba haikukubaliana na Janssen juu ya masharti mapya, na ushirikiano wao umekwisha. Hisa zake zilipoteza zaidi ya nusu ya thamani kwa siku moja. Kampuni ikapunguza wafanyakazi hadi kufikia wapatao 220 na kuacha tiba kadhaa za seli za NK zilizokuwa zinajaribiwa, ikiwamo FT538 iliyokuwa inajaribiwa kwa wagonjwa wa AML. Ilipofika mwisho wa mwaka 2024, hisa ya Fate iliuzwa chini ya dola 2.

Hapo ndipo pana fundisho la kwanza. Kampuni ndogo ya dawa haina mauzo, ina mfadhili. Mfadhili akiaga, si hisa tu zinazoanguka. Majaribio nayo husimama kwa kukosa fedha, hata kama seli zenyewe bado hazijashindwa kwenye mizani. Mwenye hisa hupoteza akiba yake, na mgonjwa hupoteza nafasi katika orodha.

SITA SI SITINI

Turudi kwa Nkarta. Juni 2023 ilitangaza kwamba katika kundi jipya la wagonjwa sita wa AML, wanne ugonjwa ulitoweka. Kwenye vichwa vya habari hiyo ikawa asilimia 67. Kwa ugonjwa wa namna hii, kwa watu ambao dawa nyingine zimewashinda, asilimia 67 ni kitu cha kuruka nacho juu.

Lakini kanuni za takwimu hazina haraka. Ukipata wanne kati ya sita, uwezo halisi wa dawa unaweza kuwa popote kati ya asilimia 22 na asilimia 96. Huo ni upana wa kutoka bidhaa isiyouzika hadi muujiza. Mgonjwa mmoja tu akibadilika, asilimia hupanda au kushuka kwa 17. Mchuuzi wa Kariakoo hawezi kukubali gunia zima la maharage kwa kuonjeshwa punje sita, lakini kwenye soko la hisa mambo hayo hufanyika kila wiki.

Kulikuwa na jambo la pili. Ili seli za kuazima zisikataliwe na mwili, mgonjwa hupewa kwanza dawa za kupunguza kinga. Katika kundi lile moja ya dawa hizo ilikuwa saitarabini, ambayo yenyewe ni dawa ya AML tangu zamani. Nyoka amekufa, na waliompiga ni wawili. Bila kundi la kulinganisha, lililopewa dawa hizo bila seli, hakuna awezaye kusema kwa hakika ni fimbo ya nani iliyomuua.

La tatu ni muda. Seli za NK za kuingizwa huishi mwilini kwa siku au wiki chache tu. Ugonjwa kutoonekana leo si sawa na kutorudi mwakani. Madaktari wengi huutumia muda huo mfupi kumwahisha mgonjwa kwenye upandikizaji wa uboho. Hilo ni jambo jema, lakini ni daraja tu, na thamani ya daraja hutegemea kuna nini ng'ambo.

Wagonjwa walipoongezwa, kiwango cha mafanikio hakikubaki pale kilipoanzia. Mwaka 2024 Nkarta iliiweka kando tiba yake ya AML na kuelekeza nguvu kwenye magonjwa ambayo kinga ya mwili hujishambulia yenyewe, ukiwamo ugonjwa wa lupasi. Hadi mwisho wa mwaka huo FDA ilikuwa haijaidhinisha tiba yoyote ya seli za NK kwa ajili ya AML.

ALIYEFANYA BIASHARA NI KIDONGE

Wakati macho ya wengi yakiwa kwenye seli, fedha za AML zilikwenda kwingine. Kidonge kiitwacho venetoklaksi, cha kampuni za AbbVie na Roche, kilipata kibali cha awali kwa AML Novemba 2018 na kibali kamili Oktoba 2020. Kibali hicho kamili hakikuja kwa wagonjwa sita. Jaribio lake lilikuwa na wagonjwa 431, wasioweza kuhimili tiba kali, waliogawanywa kwa bahati nasibu. Waliopewa kidonge pamoja na dawa ya azasitidini waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 14.7. Waliopewa azasitidini peke yake, miezi 9.6.

Tofauti ni miezi mitano. Haikutikisa dunia, lakini ilithibitishwa. Mwaka 2023 mauzo ya kidonge hicho kwa upande wa AbbVie pekee yalipita dola bilioni 2, yakiwamo ya aina nyingine ya lukemia.

Jaribio kubwa linaweza pia kufunga duka. Innate Pharma ya Marseille, Ufaransa, ilikuwa na dawa iitwayo lirilumabu, iliyokusudiwa kufungua breki za seli za NK za mgonjwa mwenyewe. Mwaka 2011 Bristol-Myers Squibb ililipa dola milioni 35 kuanzia, na ahadi ya hadi dola milioni 430 kadiri hatua zitakavyofikiwa. Februari 2017 jaribio la kuwalinganisha wazee wa AML waliopewa dawa hiyo na wasiopewa lilionyesha kwamba ugonjwa uliwarudia vile vile. Ahadi ya mamilioni iliyoandikwa kwenye mkataba si fedha iliyo benki.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUFUNGUA POCHI

Yote hayo hayana maana kwamba seli za NK ni ndoto. Aprili 2024 FDA iliidhinisha dawa ya kampuni ya ImmunityBio kwa saratani ya kibofu cha mkojo, dawa ambayo kazi yake ni kuchochea seli za NK na za T zilizomo mwilini. Elimu ya miaka 50 imeanza kuzaa. Ila kuzaa kwa mti na kupata faida kwa aliyenunua kivuli chake ni mambo mawili.

Mwekezaji mdogo anayesikia tangazo la tiba mpya afanye kama anavyofanya dukani kwake: aulize.

Kwanza, wagonjwa ni wangapi? Asikubali asilimia kabla ya kutajiwa idadi ya watu.

Pili, wamelinganishwa na nani? Jaribio la hatua ya kwanza huangalia usalama na dozi, na kwa kawaida halina wa kulinganishwa nao.

Tatu, nafuu ilidumu miezi mingapi? Kampuni inayosema idadi ya waliopona bila kutaja muda imemaliza nusu ya sentensi.

Nne, fedha taslimu zitatosha hadi lini? Kampuni ambayo fedha zake zitakwisha kabla ya matokeo makubwa kutoka italazimika kuuza hisa mpya, na kipande cha mwenye hisa wa zamani kitapungua. Nkarta iliuza hisa mpya wiki ile ile bei ilipopaa. Kwa kampuni huo ni ujanja wa halali. Kwa aliyenunua kwa bei ya juu ni onyo.

Tano, mfadhili mkubwa ni nani, na mkataba unamruhusu kuondoka kwa masharti gani?

Mwenye majibu matano mazuri bado anaweza kupoteza. Ndiyo maana wenye uzoefu huweka katika hisa za namna hii fedha ambazo zikipotea, ada za shule hazitakosekana na duka halitafungwa.

Na kuna upande mmoja wa hesabu ambao hauandikwi kwenye ubao wa bei. Mwaka 2005 watu watano wa Minnesota waliambiwa ugonjwa hauonekani tena, baada ya kukata tamaa. Mtaji unaokuja kwa pupa na kuondoka kwa hofu huacha majaribio katikati, na swali la kama wangekuwa watano au hamsini hubaki bila jibu. Mwekezaji anayehesabu wagonjwa kabla ya faida huilinda pochi yake. Huenda pia akawa ndiye mwekezaji ambaye wagonjwa hao wanamhitaji, yule atakayekuwa bado yupo mgonjwa wa mia nne akifika.